Kompyuta ya asiyeona si ya aina yake
Mjomba, umeuliza kama mpwa wako wa Masasi, asiyeona, anahitaji kompyuta maalumu. Hapana, yoyote ya Windows inatosha. Mwekee programu iitwayo NVDA, inamsomea kwa sauti maandishi yaliyopo kwenye skrini, na ni ya bure. Aliyeianza mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe haoni; programu za namna hiyo ziliuzwa bei ya kukimbiwa. Inakaa hata kwenye flashi. Sauti ya Kiswahili imo, japo inatamka kama Mzungu aliyeshuka Mtwara juzi. Hedifoni usisahau, la sivyo nyumba nzima mtasikia kila herufi anayobonyeza! Apple nao waliweka programu yao ya kusoma skrini, VoiceOver, kwenye kompyuta zao za Mac mwaka 2005, ila bei ya Mac na hela yetu ya korosho... tuyaache.