Kabla hujamimina methanoli juu ya sifongo

Wadogo zangu mnaoanza kazi maabara, nimewaona tena mkilowesha sifongo nzima, wale wanyama wa baharini tunaowatafutia dawa, kwenye methanoli ya kutolea kemikali zao bila kubakiza hata kipande, nami nimeona heri niandike kuliko kuendelea kukemea.

1. Kielelezo cha kumbukumbu (kipande kinachohifadhiwa ili spishi itambuliwe) kwanza, kiziduo (mchanganyiko wa kemikali zilizotolewa kwenye sifongo) baadaye. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, kundi letu lilipata kiziduo kilichoua seli za saratani hata kilipotumika kwa kiwango kidogo sana, na aliyeikusanya sifongo ile ni mimi. Nilipoulizwa ni spishi gani, nilikuwa na picha iliyopigwa sitahani, rangi ikiwa imekwisha kubadilika, pamoja na jina nililolikisia kwa umbo. Umbo hudanganya, kwani spishi ileile huweza kutambaa bapa penye mawimbi na kusimama wima penye maji tulivu, ndiyo maana mtaalamu wa uainishaji hutaka kuziona spikula, vile vijiti vidogo vya kiunzi cha sifongo. Na spikula zetu zilikwisha kutupwa pamoja na makapi. Tulirudi kwenye mwamba uleule tukakusanya zilizofanana nayo, na hakuna iliyotoa matokeo yale. Mwanafunzi aliyeitegemea kazi hiyo kwa tasnifu yake alilazimika kuanza upya, jambo linaloniuma hadi leo. Basi kateni kipande, kitieni kwenye ethanoli, andikeni kina, mahali, tarehe na rangi ya sifongo ikiwa bado majini.

2. Kibali kabla ya kuzamia: Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki za viumbe, inaipa nchi yenye bahari haki ya kuridhia na kugawiwa faida, na karatasi hiyo haitafutwi baada ya dawa kuonekana.

3. Pigeni hesabu ya kiasi mapema. Kila mwaka nasikia mtu akisema, "Tutakusanya zaidi." Halikondrini B, kemikali yenye nguvu dhidi ya saratani iliyotolewa kwenye sifongo ya Japani na kutangazwa na wanakemia Hirata na Uemura mwaka 1986, ilipotafutwa kwa wingi New Zealand kutoka sifongo nyingine, Lissodendoryx, tani nzima ilitoa takriban miligramu 300. Njia ilifunguka pale Yoshito Kishi na wenzake wa Harvard walipoiunda molekuli yote maabara mwaka 1992, ikabainika kuwa nguvu yake imo katika sehemu moja tu ya molekuli hiyo. Kutokana na sehemu hiyo kampuni ya Eisai ilitengeneza dawa ya eribulini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Hakuna mwamba unaopaswa kukwanguliwa kwa ajili ya dawa hiyo.

4. Mara nyingi mwenye kuitengeneza kemikali si sifongo bali bakteria waishio ndani yake, kama Entotheonella ndani ya Theonella swinhoei. Kwa sababu hiyo kateni kipande cha pili kwa ajili ya DNA, na kigandisheni siku hiyohiyo, hata kama boti imechelewa kurudi na kila mtu ana njaa.