Hitilafu inayotoweka ukiwasha upya seva

Chukua programu ya risiti za dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Alfajiri iko sawa. Kufikia saa nne, risiti ya mteja mmoja inabeba magunia ya mteja aliyemtangulia. Seva inawashwa upya, tatizo linakwisha, kesho linarudi.

Usiiwashe upya kabla hujachukua ushahidi, maana unafuta kumbukumbu ambamo kosa linaishi. Hapa karibu kila mara objekti mbili (hapa, risiti mbili ndani ya programu) zinatumia kitu kimoja, huku mwandishi akidhani kila moja ina chake.

Kwenye lugha ya Python, anza kwa kutafuta mstari kama huu: `def __init__(self, mizigo=[])`. Orodha hiyo haiundwi kila risiti inapozaliwa. Huundwa mara moja, fanksheni inapotangazwa, na kila risiti isiyopewa orodha yake huishika hiyohiyo. Orodha iliyoandikwa moja kwa moja chini ya `class` huleta balaa lilelile.

Ofisini huioni kwa sababu seva ya majaribio hujiwasha upya kila unapohifadhi faili. Sokoni seva hukesha, tena mara nyingi ikiwa na michakato kadhaa, yaani nakala za programu zinazofanya kazi sambamba, kila mmoja na kumbukumbu yake. Mteja huumia akiangukia mchakato uliokwisha kuchafuka tu, ndiyo maana kosa linaonekana kama la kubahatisha.

Basi tengeneza risiti mbili, `a` na `b`, ndani ya mchakato mmoja. Ongeza gunia kwenye `a`, kisha uliza kama orodha zao ni kitu kimoja: `a.mizigo is b.mizigo`. Jibu likiwa `True`, umeipata. Kwenye logi ya seva andika `os.getpid()`, namba ya mchakato, pamoja na `id(self.mizigo)`, namba inayotambulisha orodha, linganisha namba za mchakato uleule tu, na kumbuka `id` ya kitu kilichokufa inaweza kupewa kingine.

Kujua nani anaiandikia orodha, kwenye majaribio weka `()`, orodha isiyobadilika, badala ya `[]`. Atakayeita `append` kuiongezea kitu ataangusha `AttributeError` yenye jina la faili na namba ya mstari. Hila hii naipenda kuliko kupekua msimbo wote kwa macho.

Rekebisha kwa `mizigo=None`, na ndani:

`self.mizigo = [] if mizigo is None else list(mizigo)`

Hiyo `list()` usiiache. Bila yake, risiti mbili zilizopewa orodha moja kutoka nje bado zitaitumia kwa pamoja.

Halafu rudi kwenye risiti zilizokwisha kuhifadhiwa. Zilinganishe na daftari la mizani, moja moja, kabla mfanyabiashara hajatozwa kwa magunia yasiyo yake.