Binti yangu "alizaliwa" mwaka 1986

Binti yangu ana miaka 10. Kwa mujibu wa tovuti moja ya gemu za watoto, alizaliwa mwaka 1986, yaani ni mtu wa miaka kama arobaini. Mwaka huo ni wa kwangu. Aliuchukua kwa sababu anaukumbuka, kama anavyoikumbuka namba yangu ya simu na jina la mtaa wetu hapa Nkuhungu, Dodoma, na vyote vitatu alivijaza siku moja.

Nyumbani tunamwita Bibi, maana amerithi jina la mama mkwe wangu. Jina lake la shuleni siliandiki hapa. Ukiendelea kusoma utajua kwa nini.

Nilianza kushtuka nikiwa Soko la Majengo, mwanzoni mwa Julai, siku ya upepo ule wa Dodoma unaokuachia vumbi mpaka kwenye meno. Nachagua nyanya, simu ikaita. Namba ngeni. Sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyezoea kuongea na wazazi. Akamtaja Bibi kwa majina mawili. Akataja na darasa. Akasema mtoto ameanguka uwanjani, amekimbizwa hospitali, kuna kipimo cha shilingi 85,000 kinatakiwa sasa hivi, nitume kwenye namba ya muuguzi kwa sababu simu yake yeye mwalimu inaishiwa chaji.

Najua, utapeli huo ni wa siku nyingi. Mimi mwenyewe nina stesheneri na nimeshawaonya wateja wangu mara ngapi sijui. Lakini mtu akikutajia mwanao kwa majina mawili, ujanja wote unayeyuka. Nilikuwa nimeshaandika kiasi, imebaki namba ya siri. Aliyeniokoa ni yule dada muuza nyanya aliyesikia nikirudia rudia "shuleni, shuleni". Akanishika mkono: "Mama Bibi, shule si zimefungwa?"

Zilikuwa zimefungwa. Na Bibi nilikuwa nimemwacha nyumbani saa mbili asubuhi akiosha vyombo.

Jioni ile nilichukua daftari nikajiuliza swali moja: nani anajua kwa pamoja jina la mtoto, darasa lake, na namba yangu? Nilidhani nitapata watu watatu. Ukurasa ulijaa. Kulikuwa na picha za mahafali zilizowekwa mtandaoni na majina chini yake. Kulikuwa na grupu la WhatsApp la wazazi, ambamo nusu ya waliomo siwajui sura. Kulikuwa na fomu ya tuisheni ya likizo niliyoijaza kupitia linki aliyonitumia rafiki wa rafiki. Kulikuwa na stetasi zangu mwenyewe, Bibi na sare, Bibi na cheti, "hongera mwanangu kwa kuingia darasa la nne". Na kwenye ile simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ambayo nilimwachia achezee, kulikuwa na akaunti tisa.

Mpaka leo sijui taarifa zilivujia wapi, na sitamsingizia mtu. Ila zile akaunti tisa nilizifungua moja moja, na hiyo ya 1986 ndiyo iliyoninyima usingizi.

"Bibi, hii nani alikufungulia?"

"Mwenyewe."

"Hawakukuuliza mwaka wa kuzaliwa?"

Akaanza kukwangua meza kwa kucha. "Waliuliza. Nikaandika wa kwangu wakakataa, wakasema nimwite mzazi. Nikarudi nyuma nikaandika wa kwako wakakubali."

"Sasa kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa na wateja, mama."

Sikuwa na la kujibu. Ni kweli nilikuwa na wateja. Huwa nina wateja.

Nikaanza kusoma, kwa sababu nilitaka kujua huo mpaka wa umri umetoka wapi, mbona kila tovuti inaimba 13. Umetoka Marekani. Mwaka 1998 Bunge lao lilipitisha sheria ya faragha ya watoto mtandaoni, inayojulikana kwa kifupi chake COPPA, ikaanza kutumika Aprili 2000. Tovuti inayolenga watoto, au inayojua kabisa kwamba anayeitumia hajafika miaka 13, hairuhusiwi kukusanya taarifa zake mpaka mzazi akubali. Sasa kumtafuta mzazi, na kuhakikisha ni mzazi kweli, ni kazi na ni gharama. Wenye tovuti wengi wakaona njia ya mkato: andika kwamba walio chini ya 13 hawaruhusiwi, uliza mwaka, halafu amini chochote kitakachoandikwa. Ni kama mlinzi wa getini anayekuuliza "wewe ni mwizi?" na ukisema hapana anakufungulia.

Sheria yenyewe ina meno. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kwa tuhuma za kuchukua taarifa za watoto waliokuwa wakitazama chaneli za watoto, bila wazazi kuridhia, na kuzitumia kuwalenga kwa matangazo. Mwaka huohuo waliokuwa Musical.ly, ambayo sasa ni TikTok, walikubali kulipa dola milioni 5.7. Lakini meno hayo yanamng'ata nani kwa ajili ya Bibi? Kwenye rekodi zao Bibi si mtoto. Ni mwanamke mtu mzima anayependa kuwavalisha wanasesere. Ndiyo maana ile simu ilikuwa inaleta matangazo ya mikopo ya haraka na ya dawa za kupunguza tumbo, mimi nikidhani ni mabaki ya enzi zangu. Ndiyo maana sehemu ya kuchati ilikuwa wazi, na mtu asiye na picha alikuwa ameandika, kwa Kiswahili safi kabisa, "uko wapi sasa hivi?"

Bibi alikuwa amemjibu "nyumbani". Ashukuriwe Mungu aliishia hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu, na ndio ninaoung'ang'ania kuliko mingine yote: mzazi, usimfundishe mtoto kudanganya umri, na usimdanganyie. Najua tunafanya. Mtoto analia anataka akaunti, unachukua simu, unasogeza miaka mpaka ikubali, unamrudishia, unaendelea na shughuli zako. Hapo umemtoa kwenye chumba cha watoto ukamwingiza kwenye chumba cha watu wazima, na mlango umeufunga kwa nje. Kama tovuti inasema hafai, hafai. Kama ina sehemu ya watoto, mwingize huko hata kama anaiona ya kitoto.

Kwetu nako sheria ipo, na kwa hili naona imeenda mbali zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, zile zinazotakiwa kushikwa kwa uangalifu kuliko nyingine. Maana yake binti wa miaka 14, ambaye kwa Wamarekani ameshatoka kwenye ulinzi wa COPPA, hapa Tanzania bado ni mtoto. Na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui kama kuna cha kulalamikia.

Nilipofika hapo kwenye kusoma, nikainua macho nikaitazama kompyuta ya dukani kwangu. Aibu ilinishika.

Watu wanakuja kuskani vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha za pasipoti, kadi za kliniki, fomu za kujiunga na shule. Naskani, natuma, mteja analipa anaondoka. Faili linabaki. Siku ile nilihesabu mafaili 214 yamekaa tu kwenye uso wa kompyuta, mengine ya miaka mitatu nyuma, majina ya watoto wa watu wazi kabisa. Kijana anayekuja kuprinti CV na fleshi yake angeweza kuyahamisha yote wakati mimi nimegeuka kutafuta chenji. Nilifuta mpaka saa nne usiku. Siku hizi nafuta mteja akiwa amesimama hapohapo, namgeuzia kioo aone. Nawe ukienda stesheneri yoyote, omba hivyohivyo. Hutakuwa unamtukana mtu. Na kama ulituma cheti kwa WhatsApp ya duka ili kiprintiwe, kifute kwa pande zote mbili kabla hujatoka mlangoni.

Nikiwa hapo hapo kwenye aibu, acha niseme na la pili. Namba yangu ya siri ya kutumia pesa kwenye simu ilikuwa mwaka wa kuzaliwa wa Bibi. Tarakimu nne, rahisi kukumbuka. Na kila siku yake ya kuzaliwa naweka picha ya keki: "Mwanangu katimiza miaka tisa leo." Yaani mwenyewe natangaza ufunguo wa pochi yangu, na keki juu. Nimewauliza wateja wangu kiutani, na hutaamini wangapi walicheka kisha wakanyamaza. Badilisha leo. Hiyo haihitaji kusoma sheria yoyote.

Fomu nazo nimebadilika. Zamani nilikuwa najaza kila nafasi kwa sababu fomu imeuliza, na sisi tumelelewa hivyo, ukiulizwa na mkubwa unajibu. Sasa kila nafasi naiuliza: ya nini? Gemu ya kupanga maneno inataka namba ya simu ya nini? Programu ya kujifunza hesabu inataka kujua mahali tulipo ya nini, na majina ya watu waliomo kwenye simu yangu ya nini? Nikikosa jibu naacha wazi. Ikigoma kuendelea, nami nagoma. Fomu ya karatasi ya kituo kimoja cha tuisheni ilikuwa inauliza dini, kabila na kazi ya baba. Nilipiga mstari. Mwalimu alinipigia kuuliza, nikamwambia, "Mwalimu, samahani, hivyo vitawasaidia vipi kwenye hesabu za sehemu?" Akacheka, akasema fomu waliikuta. Nadhani fomu nyingi nchi hii ziko hivyo, zimekutwa.

Na msidhani kampuni kubwa zina makufuli yasiyovunjika. Mwaka 2015 VTech, kampuni ya vifaa vya elektroniki vya kuchezea watoto, iliingiliwa na wadukuzi, wakapata majina na tarehe za kuzaliwa za mamilioni ya watoto duniani. Kitu ambacho hukukiandika hakiwezi kuibwa.

Kuhusu kufuta akaunti, nina neno moja la kukusaidia, maana liliniuma. Niliwaandikia wale wa gemu nikiwaomba waondoe taarifa za mwanangu. Wakajibu baada ya siku sita: nithibitishe kwamba mimi ni mzazi, nitume picha ya kitambulisho changu. Yaani ili wafute kidogo walichonacho, niwaongezee kikubwa wasichonacho! Sikutuma. Nilichofanya, niliingia kwenye akaunti nikabadilisha jina, nikafuta namba na mtaa, nikatoa picha, nikaiacha siku kadhaa, ndipo nikabonyeza kufuta. Inawezekana walishatunza nakala ya zamani, siwezi kuapa. Lakini kilichobaki juu ni takataka.

Stetasi sijaacha, mimi ni mama, najivuna. Ila Bibi sasa anapigwa picha bila sare ya shule, na kabla sijaweka namuuliza. Mara mbili amekataa. Moja alikuwa amependeza sana, iliniuma kidogo, ila sikuiweka.

Wiki iliyopita alikuja dukani na ile simu iliyopasuka mkononi, kidole kimesimama juu ya kioo. Nilikuwa na foleni: mzee mmoja na barua yake ya kiwanja, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Dodoma na kazi ya kuprinti kurasa 60.

"Mama, hii inauliza nimezaliwa lini."

"Subiri."

Akasimama pembeni ya mashine ya fotokopi, hakubonyeza, hakukaa. Mzee akamaliza, akaaga. Wanafunzi wakaanza kuhesabu kurasa zao. Nikamwambia alete. Tukasoma wote wawili: jina, tarehe, shule, namba ya mzazi. Gemu yenyewe ni ya kupaka rangi.

"Ya nini?" akaniuliza, kabla sijamuuliza.

Tukaifunga. Akaniachia simu kaunta, akatoka nje kucheza rede.