Muulizeni kwanza uwanja ulikuwa wa nani

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu.

Wiki iliyopita mlitudokezea habari za Lottie Dod, binti wa Kiingereza aliyetwaa ubingwa wa Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, mwaka 1887 akiwa na miaka 15, mkatuuliza: bingwa huzaliwa, au hutengenezwa na familia yake? Swali zuri, ila mmeruka hatua. Kabla ya kuuliza bingwa katoka wapi, ulizeni uwanja aliojifunzia ulikuwa wa nani, na jioni mwenzetu alipokuwa akicheza, maji ya nyumbani kwao alichota nani.

Kwa akina Dod uwanja ulikuwa wao wenyewe. Baba yao, Joseph, alipata utajiri wake kwa udalali wa pamba huko Liverpool, utajiri wa kutosha hata wanawe wanne, Annie, William, Tony na Lottie, wasihangaike kutafuta kazi ya mshahara. (Na pamba iliyokuwa ikishushwa Liverpool kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sehemu kubwa ililimwa na watumwa. Kama tunazungumzia familia, basi tuizungumzie yote.) Mzee alifariki mwaka 1879, watoto wakiwa bado wadogo, lakini fedha hazikufa naye. Viwanja viwili vya tenisi vikajengwa karibu na nyumba yao ya Bebington, mchezo wenyewe ukiwa bado mpya kabisa. Shule hawakwenda, walimu ndio waliowafuata nyumbani. Mwaka 1883 Lottie, miaka 11, akaingia mashindano ya Manchester kucheza wawili wawili na dada yake Annie. Nani asingekuwa bingwa hapo?

Kwetu Tanga pesa ilikuwa ya mkonge. Baba yangu alikuwa mtunza uwanja wa klabu moja, siitaji, ambayo enzi hizo, miaka ya sabini, bado ilikuwa na wanachama waliobaki wa mashambani na wageni wao. Kazi ya baba ilikuwa kufagia, kumwagia maji, kuvuta roli, na kuchora mistari kwa chokaa. Kuchora mistari nilimsaidia tangu nikiwa mdogo. Unafunga kamba kwenye vigingi viwili, unaivuta mpaka ilie, halafu unarudi kinyumenyume umeinama na kopo lililotobolewa chini, ukilitikisa polepole. Ukikimbia, mstari unakuwa mnene huku na mwembamba kule, na baba alikuwa akiufuta kwa mguu bila kusema neno. Raketi yetu ilikuwa ya mbao, imetupwa na mwenyewe baada ya nyuzi kukatika. Baba aliisuka upya kwa mshipi wa kuvulia aliopewa na jamaa zake wavuvi. Ilikuwa nzito upande mmoja, lakini ilipiga.

Sasa nisikilizeni. Jumamosi moja, msimu wa vuli, mama mmoja mgeni alifika kucheza na mwenzake hakutokea. Mvua ilikuwa imenyesha na gari lilikwama tope njia ya Muheza. Alikaa kwenye benchi, akaangalia saa, mwishowe akamwita baba na kumuuliza kama yule kijana wake anaweza kumrudishia mipira. Alikuwa na Kiswahili kile cha amri tu, leta, weka, ngoja, lakini hilo alilisema kwa upole. Kaka yangu alikuwa kwenye kandanda. Baba akajibu, "Kijana hayupo. Binti yupo."

Binti mwenyewe nilikuwa darasa la sita, chokaa hadi kwenye viwiko. Nikavua ndala. Nilivaa sketi ya shule, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Yule mama akanitazama, akacheka kidogo, akasema atanianzishia kila gemu na thelathini, yaani pointi mbili za bure kati ya nne za kushinda gemu. Mimi sikujua kama hiyo ni heshima au dharau, na mpaka leo nabishana nayo kichwani.

Gemu la kwanza nililichukua. Msinipigie makofi, nilihitaji pointi mbili tu na moja aliitupa mwenyewe nje. La pili alianza kupiga kweli. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya baba, ambaye hakuwahi kucheza hata seti moja na watu wale lakini alikuwa amewatazama miaka na miaka: usiungoje mpira udunde, ufuate. Nikasogea kwenye wavu. Mpira ukaja usawa wa uso, nikauzuia na ile raketi ya mshipi, ukaangukia upande wake wa kushoto, akabaki ameukodolea macho. Akasema kitu kwa lugha yake. Tukafika arobaini kwa arobaini. Nakumbuka nyayo zilivyokuwa zikiungua, jua limeshatoka na uwanja umekauka, na nakumbuka kwamba sikutaka liishe.

Katibu wa klabu akatoka barazani. Hakuniita mimi, alimwita baba. Waliongea kidogo tu. Baba akarudi, akasimama pembeni ya uwanja, akaniambia, "Mwanangu, mistari ya kule bado." Mistari ya kule nilikuwa nimeshaichora asubuhi ile, naye alijua. Nikamrudishia yule mama mpira wake mkononi, nikachukua kopo, nikaenda kuchora chokaa juu ya chokaa, kinyumenyume, mpaka mwisho wa uwanja.

Baada ya hapo klabu ikaweka utaratibu: vijana waokota mipira wataruhusiwa kucheza wenyewe kwa wenyewe Jumatatu, siku ambayo wanachama hawaji. Vijana, yaani wavulana. Kaka akapata geti wazi. Mimi Jumatatu nilikuwa kisimani.

Ndiyo maana niliposoma kwamba mwaka 1888, huko Exmouth, Lottie Dod alicheza na Ernest Renshaw, bingwa wa wanaume, akianzishiwa pointi 30 kila gemu, nilicheka peke yangu sebuleni. Alishinda seti ya kwanza 6–2, kisha akapoteza mbili, 7–5 na 7–5. Yeye aliachwa amalize! Na sketi nayo ipo: kwa kuwa alikuwa bado mtoto, aliruhusiwa kuvaa fupi kuliko wanawake wazima, wakati wapinzani wake walikuwa wakikimbia na vitambaa mpaka chini na mikanda ya kubana kiuno hata pumzi haipiti vizuri.

Nilitaka niishie hapo, niseme familia, fedha, geti, basi. Lakini kalamu imenigeuka, na aliyenivuruga ni Blanche Bingley, baadaye Hillyard. Lottie alichukua Wimbledon mara tano, 1887, 1888, 1891, 1892 na 1893, na mara zote tano aliyefungwa naye fainali ni huyo huyo Blanche. Fainali ile ya kwanza iliisha 6–2, 6–0. Naye Blanche hakuwa mtu wa kubahatisha, kwani ana mataji sita ya Wimbledon. Tena wanawake wa Wimbledon enzi zile, kwa sehemu kubwa, walitoka nyumba zenye nafasi. Maud Watson, bingwa wa kwanza mwaka 1884, alikuwa binti wa kasisi. Kama uwanja wa nyumbani ndio unaozaa mabingwa, Uingereza ingekuwa na bingwa kila bustani. Na Annie je? Baba mmoja, mama mmoja, uwanja mmoja, walimu wale wale. Annie alicheza vizuri, wala hakuna aliyebisha. Lottie alikuwa kitu kingine.

Mtaniambia kaka yao William alipata dhahabu ya kulenga mishale Olimpiki ya London mwaka 1908, na Lottie akapata fedha mchezo huo huo upande wa wanawake, kwa hiyo damu ni ile ile. Sawa. Mimi kwa William naona zaidi muda: mtu wa miaka arobaini na kidogo asiye na bosi, akilenga shabaha asubuhi mpaka jioni, mwisho ataipata. Kwa Lottie siwezi kusema hivyo. Huyu aliichezea Uingereza hoki, mwaka 1904 akatwaa ubingwa wa gofu wa wanawake wa Uingereza kule Troon, na tenisi ya mmoja mmoja alikuwa ameiacha akiwa na miaka 21, Wimbledon hajashindwa hata mara moja. Muda peke yake haufanyi hivyo.

Halafu kuna kaka yangu mwenyewe. Jumatatu zote zile, geti wazi, raketi ya mshipi mkononi, baba akimwelekeza, na mpira haukuwahi kumsikiliza. Mwenyewe anakubali, tukikutana kwenye shughuli za ukoo husema raketi ile ilikuwa inanijua mimi.

Kwa hiyo mhariri, mkihesabu kura, yangu iwekeni upande wa kuzaliwa. Ila msiiweke kwenye fungu moja na ya wale watakaosema kipaji hakizuiliki, maana hao hawajawahi kupewa kopo la chokaa. Na kura hii ni ya mabingwa tu. Mkiuliza kuhusu mchezaji wa kawaida, mwanamke wa kawaida anayeweza kumaliza gemu lake la pili, huyo hutengenezwa na familia, na klabu, na mtu wa kumchotea maji. Hapo nitapiga kura nyingine, na nitaipiga kwa hasira zaidi.

Msomaji wenu, Tanga.