Anaimba tu, hasomi? Maswali yenu kuhusu PP1 na PP2

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka huku kwetu, kuanzia Nakuru mpaka Kisumu na Kakamega, na karibu zote zinazunguka swali moja, kama hizi nyimbo na michezo ya chekechea (PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya kabla ya gredi ya kwanza) ni masomo kweli ama ni njia ya kusukuma saa mpaka uji ufike. Nimechagua nne. Zile ndefu nimezikata kidogo, mnivumilie.

*Mwalimu, kijana wangu ako PP1 hapa Free Area na muhula umeisha daftari yake ikiwa karibu tupu. Nikimuuliza leo mmefanya nini ananiambia tumeimba, tumecheza duka, tumekunywa uji. Mtoto wa jirani, miaka yao ni sawa, ako shule ingine na anaandika mpaka mia, kila jioni analetewa homuweki. Si huyu wangu ataachwa nyuma? Kwani nalipia nyimbo? (Mama Brayo, Nakuru)*

Mama Brayo, najua vile roho inauma ukiona daftari ya jirani imejaa wino. Lakini siku moja huyo mtoto akija kucheza kwako mwambie hivi, polepole bila kumtisha, nipatie vijiko sita. Uangalie. Wako wengi sana wanaandika moja mpaka mia bila kukosea na ukiwaomba sita wanachota tu mkono mzima wanakumwagia, ama wanahesabu kijiko kimoja mara mbili wanaruka kingine, kwa sababu wamejua namba inafuata gani lakini sita yenyewe ni ngapi bado hawajui. Pengine huyo wa jirani anajua vizuri, sijui, ila daftari haitakuambia, vijiko ndo vitakuambia.

Na hio "tumecheza duka" yako imenifurahisha kuliko kitu kingine kwa barua. Duka la darasani ni mikebe tupu, pakiti za unga, pengine kibao cha kuweka vitu, na pesa ni vizibo vya soda. Mtoto anaambiwa sukari ni vizibo vitatu, anatoa kimoja, anatoa cha pili, anataka kuenda na sukari, na muuzaji (ako na miaka minne na sura imekunjwa kuliko ya mwenye duka wa ukweli) anamshika shati anamwambia bado moja! Hapo kuna kuhesabu, kuna kuongea, kuna kungoja zamu, na hakuna hata alama moja ya penseli imewekwa mahali.

Alafu mkono wenyewe. Mtoto wa miaka minne mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado haijaisha kukomaa, ingine saa hii ni gegedu tu, ndo maana ukimpa penseli aandike kurasa mbili anaishika kwa ngumi na anachoka haraka. Kufinyanga udongo, kuchambua maharagwe, kutunga shanga, kurarua magazeti vipande vidogo, hizo zote ni maandalizi ya kuandika. Mtaala huu wa Kenya wa CBC, wa kujenga umilisi, ulioingia madarasani Januari 2019 pia haukuwapangia watoto wa PP1 kukaa na daftari siku nzima, kipindi ni dakika 30 na masomo yao yanaitwa shughuli, za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu, na za dini.

Sasa isiwe nimewapa walimu wote kinga. Kuna darasa ambalo wimbo ni ule ule tangu Januari, watoto wanapiga kelele na mwalimu ako kwa simu, na hapo malalamiko yako ni ya haki kabisa. Omba siku moja ukae pale nyuma asubuhi. Angalia kama wimbo uko na kazi ndani yake, yaani mtoto anahesabu kitu cha kushikika, ama anamalizia neno lililoachwa, ama anasikiliza ndo ajue asimame lini. Kama kazi iko, usiguse kitu. Kama haiko, muulize mwalimu, tena bila kuogopa.

Ukitaka kufanya kitu nyumbani, mpige makofi na majina. A-ki-nyi, matatu. Wa-nja-la, matatu. U-ga-li. Watoto wanaipenda na inawasaidia sana wakianza ba be bi bo bu kwa sababu masikio yameshazoea kukata neno vipande. Mtego uko kwa maneno kama "mbwa" na "mtu", wazazi wengi wanapiga kofi moja, na mtoto akifunga midomo na kuivuta hio m anagundua ni mawili kabla yako.

*Mimi ni mwalimu wa PP2, Kisumu, Manyatta. Niko na watoto 52 kwa chumba kimoja cha mabati, ala za muziki ni makofi yetu tu. Gredi ya tatu wako upande wa pili wa mabati na mwalimu wao amenichokea kabisa, kila tukianza wimbo anagonga ukuta. Kwenye semina tunaambiwa tufundishe kwa kucheza. Tucheze wapi? (Tichaa amechoka)*

Mwalimu mwenzangu, pole, na huyo wa gredi ya tatu pia umwambie pole kutoka kwangu, yeye anajaribu kufundisha kusoma na upande wa pili kuna harusi.

Kwanza, nani alisema wimbo lazima uwe wa kupasua mabati? Fundisha wimbo mmoja wa kunong'ona. Watoto wa miaka mitano wakiambiwa tunaimba siri, gredi ya tatu wasitusikie, watanong'ona kwa bidii mpaka utacheka, na makofi yahamie kwa mapaja ama vidole viwili kwa kiganja. Zile za sauti kubwa peleka nje chini ya mti, siala ama mwembe, na mkubaliane saa na mwenzako, uzipange hio saa yeye ametoa wake kwa PE.

Pili, idadi. Watu 52 hawawezi kucheza mchezo mmoja, kumi watacheza na arobaini watapigana. Wagawe. Mchezo ambao nimeuona ukifanya kazi vizuri huko kwenu ni matatu. Chora gari kwa chaki chini, viti vitano, weka dereva na makanga. Gari limetoka Kondele na abiria watano, kila mmoja amelipa nauli vizibo viwili, makanga anaimba:

Twende, twende, town moja,
gari langu halingoji,
nani anashuka Kibuye?

Mmoja anashuka, na gari haliondoki mpaka makanga aseme wamebaki wangapi. Akikosea abiria wenyewe watamrekebisha, tena kwa kelele, hapo sina dawa. Kikundi kingine kiko kando kinapiga mdundo na kayamba zao, kingine kinachora gari kwa mchanga, na unabadilisha. Kuna siku utasikia makanga anasema gari imejaa, songeni, na abiria ni wawili tu, na hio ni nafasi nzuri ya kuuliza imejaa vipi?

Hizo kayamba tengeneza na vizibo vilivyotobolewa na kutungwa kwa waya, ncha za waya uzikunje ndani zisichome mtu. Wengi wanaweka maharagwe kwa chupa ya plastiki, ni sawa, lakini kifuniko kifungwe na gundi kali, kwa sababu mbegu ikitoka tu itaishia puani ama sikioni kwa mtu na siku yako itaishia hospitali.

Mchezo mwingine hauhitaji vitu vingi, ni mkebe mmoja na kijiti. Ukipiga wanatembea, ukinyamaza kila mtu anakuwa sanamu. Ukipiga polepole wanatembea kama kobe, haraka wanakimbia mahali walipo. Wakizoea geuza sheria, ukipiga wasimame, ukinyamaza watembee, na hapo utaona nani anajizuia na nani mguu umeshaenda kabla ya akili. Hio kujizuia ndo utaihitaji ukitaka mtu akae angoje zamu yake ya kusoma.

Na kuhusu ile spika ya bluetooth uliyoniuliza mwisho wa barua kama ununue, mimi singenunua. Spika haijui kungoja. Sauti yako, hata kama ni ya kukwaruza, inaweza kusimama katikati ya mstari ndo watoto wamalizie neno, inaweza kurudi nyuma kwa yule mmoja hajashika, inaweza kuweka jina la mtoto ambaye leo ameamka vibaya. Hio pesa nunua uzi, gundi na udongo.

*Mimi ni kukhu wa watoto watatu, Khayega. Wajukuu wanakuja na nyimbo za kizungu za kwa simu, hata hawajui zinasema nini. Tulikua na isukuti hapa hapa. Kwani hio si masomo? (Kukhu)*

Mulembe, kukhu. Ni masomo na nusu. Isukuti, hio ngoma ya kucheza ya huko kwenu, inapigwa na ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na mwalimu wa PP1 anahangaika wiki nzima kutafuta vitu vitatu vya kufundisha hio kubwa, ya kati, ndogo, na ziko kwa boma la pili! Mtoto anazipanga kwa macho, anafunga macho anasikia gani imelia, anajua nzito ni ya ipi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na sababu moja ni hio hio yako, vijana hawaichukui.

Nenda shuleni umwambie mwalimu kuna mzee anaweza kuja na ngoma dakika 30 tu. Watoto waguse ngozi, wapige, wakosee. Neno moja tu, nyimbo zingine za isukuti ni za harusi na za matanga na maneno yake ni ya watu wazima, kwa hivyo mzee alete mdundo na watoto watie maneno yao wenyewe, hata kama ni ya ng'ombe na mihogo. Na lugha ya nyumbani isiwatie aibu, mtaala unaruhusu watoto wa chekechea wafundishwe kwa lugha ya pale wanapoishi.

*Niko na msichana mmoja darasani haimbi, hachezi, anaangalia tu. Nimlazimishe? (Mwalimu, Kimilili)*

Hapana. Wengine wanajifunza kwa kuangalia na utashangaa mama yake akikuambia nyumbani anaimba zote na anafundisha wadogo wake. Mpe kazi ambayo haihitaji sauti, ashike mkebe, agawe vizibo, awe dereva.

Lakini kabla ya kusema ni aibu, mjaribu masikio. Simama nyuma yake akiwa anachora, gonga mkebe polepole, alafu ita jina lake na sauti ya kawaida. Fanya siku tofauti, pande zote mbili. Angalia pia kama kuna sikio linatoa usaha ama anakutazama midomo ukiongea. Kama hageuki, ita mzazi wiki hio hio ampeleke hospitali aangaliwe, na kwa sasa mkalishe mbele karibu na wewe.