Keki ya kwanjula ilinuka samaki, ndio nikajua oveni yangu ni chafu

Keki ilikuwa ya kwanjula, ile sherehe ya binti kumtambulisha mchumba wake kwao, ya ghorofa mbili, vanila, na mama wa binti alipita Alhamisi jioni na boda kuja kuhakikisha rangi ya aising. Mi kwa furaha zangu nikamkatia kile kipande cha juu ambacho mtu anakitoa ili keki ikae sawa, nikampa aonje. Akatafuna. Akanyamaza. Alafu akaniambia kwa ule upole wa Kiganda ambao unauma kuliko matusi, "Nyabo, hii mbona kama ina ngege ndani?"

Nikacheka nikidhani ni utani, nikaonja mwenyewe, wallahi ilikuwa ngege. Yaani vanila inatangulia alafu samaki anakuja nyuma polepole kama mgeni ambae hakualikwa. Nikakumbuka Jumanne nilichoma ngege watatu mle mle ndani juu ya ile waya, bila trei chini, mafuta yakawa yanadondoka, nikasema nitapangusa kesho. Hio kesho ilikuwa kama kesho nyingine zote za miaka miwili, maana ukweli ni kwamba tangu ninunue hilo jiko, moja ya yale ya gesi tatu na umeme moja juu, oveni yenyewe ya umeme, nilikuwa sijawahi kuisafisha ndani hata siku moja. Nje inang'aa, wageni wanasifu. Ndani ni kama bomba la lori.

Usiku ule nilioka keki upya kwa jirani yangu Hajati, hilo nililipa kwa maneno mengi ("mwanangu, mwanamke jikoni kwake ndio uso wake", na mengine siyaandiki hapa). Kwanjula ikapita salama. Mi nikabaki na oveni.

Sasa kabla sijakwambia kilichofanya kazi, wacha nikwambie nilivyoharibu kwanza, maana najua wengi mtaanza palepale nilipoanza.

Siku ya kwanza nilichukua kisu na ile waya ya kusugulia sufuria, nikaingia kichwa na mabega, nikasugua saa nzima. Nilichopata ni mkono kuuma na mikwaruzo kwenye ile rangi inayong'aa ya ndani. Ile si rangi ya kawaida, ni kama kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, ukishaikwaruza mpaka chini chuma kinaanza kushika kutu, na mimi sai nina doa la kutu kubwa kama shilingi mia tano kwa sababu ya hasira za siku moja.

Siku ya pili nikasema dawa ya moto ni moto, nikaenda sokoni kwa mama mmoja anaeuza vifaa vya kutengeneza sabuni, nikanunua kostiki soda. Mantiki yangu haikuwa mbaya sana, maana kostiki ikikutana na mafuta inayageuza sabuni, na dawa nyingi kali za oveni zinazouzwa supamaketi hio ndio iko ndani yake. Shida ni kwamba niliiyeyusha kwenye beseni nikatumbukiza trei zangu za keki, ambazo ni alumini. Jamani. Maji yakaanza kuchemka yenyewe bila moto, povu linapanda, mvuke unakaba koo, na nilipozitoa zile trei zilikuwa nyeusi tii na nyingine imetoboka pembeni. Kostiki inakula alumini na inapoila inatoa gesi ambayo inashika moto, na mimi hapo nina sigiri ya mkaa inawaka mita mbili tu. Mungu ni mkubwa. Nilikuwa pia sina glavu wala kitu cha kukinga macho. Usinifanyie hivo nyumbani kwako, na kama una watoto wadogo hio kitu isiingie kabisa jikoni.

Basi Hajati akaniuliza swali moja tu: "Kwani unakimbilia wapi?" Bibi zetu kule Bombo walikuwa wanapaka sufuria majivu yenye maji, wanaziacha, wanaenda shamba, wakirudi ndio wanasugua. Majivu yana magadi yake ya asili, yanalegeza mafuta polepole. Kumbe mi shida yangu ilikuwa haraka.

Mafuta ya oveni si mafuta tena, ndio maana sabuni ya kawaida inateleza juu yake. Yakipata moto leo, kesho, wiki ijayo, yanashikana yenyewe kwa yenyewe mpaka yanakuwa kama vanishi ya meza, angalia tu mgongo wa karai lako la kukaangia utaona nachosema. Vanishi haitoki kwa nguvu. Inatoka kwa kulowa na kusubiri.

Kwa hio nilifanya usiku, na sai ndivo nafanya kila mara. Jioni natoa vitu vyote vya ndani, trei na zile waya za kuwekea. Waya naziloweka kwenye beseni kubwa la kufulia, maji moto ya kuweza kuvumilia mkono na sabuni ya unga mkono mzima, zikizidi beseni nazigeuza upande wa pili nikienda kulala. Alafu naweka sufuria pana ya maji ndani ya oveni, nawasha kama 150 hivi, nusu saa, nazima na naacha mlango umefungwa nusu saa nyingine. Ule mvuke unalainisha kila kitu. Najua utasema Yaka, ule umeme wetu wa kulipia kabla, itaisha. Oveni ya wati elfu mbili ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula yuniti mbili, kwa nusu saa haizidi yuniti moja, ni rahisi kuliko kuoka keki mara mbili, niulize mimi.

Ikishapoa ikabaki vuguvugu, natoa plagi ukutani. Si kuzima swichi ya jiko tu, natoa plagi kabisa, maana unaingiza mikono yenye maji kwenye kitu cha umeme.

Ndio inaingia beking soda. Hapa naomba tusikilizane, BEKING SODA, si beking pauda. Nilimtuma kijana wangu dukani akaniletea pauda, mi bila kuangalia pakiti nikachanganya na maji nikapaka oveni nzima. Pauda ina wanga ndani, asubuhi nilikuta nimepika posho, yaani ugali, kwenye kuta, imekauka imeshika vizuri kuliko uchafu wenyewe. Na hio asidi iliyomo inaila ile soda, kwa hio ata nguvu inakuwa hamna. Soma pakiti. Beking soda yenyewe haizidi bei ya rolex mbili, zile chapati za kukunjia mayai.

Nachanganya vijiko vikubwa nane au kumi na maji kidogo kidogo mpaka iwe nzito kama dawa ya meno, ikimwagika kama uji imekuwa maji mno haitashika ukutani. Napaka kwa mkono, na glavu, chini kwanza ambapo ndio pabaya, alafu kuta, alafu nyuma. Inaanza kugeuka kahawia palepale unapopaka na hapo utajisikia vizuri sana. Kuna vitu viwili sipaki: ile koili ya moto, na kile kifimbo chembamba cha shaba ambacho utakiona kimelala juu au nyuma, hicho ndio kinapima joto, ukikipinda au ukikivuta oveni yako itakuwa inaandika 180 na ndani ni kitu kingine. Koili haihitaji kusafishwa, inajichoma uchafu wake yenyewe.

Nafunga mlango, nalala. Masaa kumi mpaka kumi na mawili hivi, usipunguze.

Asubuhi sitafuti kisu tena. Natumia kadi ya benki iliyoisha muda, ile plastiki ni ngumu kiasi cha kukwangua na laini kiasi cha kutokwaruza, na pembe zake zinaingia kwenye kona. Mara ya kwanza nilipopitisha kadi chini ya oveni likatoka ganda moja jeusi refu kama utando wa juu ya maziwa, limejikunja, na chini yake nikaona rangi ya bluu yenye vidoti vyeupe. Miaka miwili nilikuwa nadhani oveni yangu ni nyeusi! Nikamwita ata mume wangu aje kuona, akaangalia, akauliza chai iko wapi.

Kinachobaki ni kitambaa na maji, kitambaa na maji, badilisha maji mara tano sita, maana soda inaacha unga mweupe kila unapodhani umemaliza. Hapo mwisho ndio siki inafaa, kidogo kwenye kitambaa, unga mweupe unakimbia. Nasema mwisho kwa sababu kuna watu wanamwaga soda na siki pamoja tangu mwanzo ili waone inavyochemka, inapendeza kweli kwa video, lakini hizo mbili zinauana, baada ya povu unabaki na maji yenye chumvi chumvi tu. Kila moja na zamu yake. Na kama huna siki, ndimu inafanya.

Ila Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, usiilete karibu na hio siki wala ndimu. Jik na kitu chochote kichachu inatoa gesi ya klorini, na wewe kichwa kiko ndani ya boksi la chuma. Oveni haina haja na Jik hata kidogo, lile si doa la shati.

Rabba ya mlango napangusa tu na kitambaa cha sabuni, sisugui. Hio rabba ikichanika joto linatoka pembeni, keki inaiva upande mmoja na Yaka inalia.

Wenye oveni ya gesi, yote hayo ni sawa lakini soda isizibe vile vitundu vya moto chini. Ukiwasha ukaona moto wa njano na sufuria zinashika masizi, badala ya moto wa bluu, kuna kitu kimeziba, zima, chukua brashi ya meno kavu uvipitie vitundu kimoja kimoja. Na acheni kutandika foili chini ya oveni jamani, nimeona kwa marafiki zangu wengi, wanadhani ni usafi. Kwenye gesi unaziba njia ya hewa, na moto usiopata hewa unatoa ile gesi isiyo na harufu inayoua watu wamelala na sigiri ndani ya nyumba. Kwenye umeme foili inaweza kushikana na chuma cha chini ukaitoa na rangi yake. Weka trei kwenye waya ya chini ukichoma samaki, basi.

Nikimaliza nawasha tupu dakika ishirini, madirisha wazi, hadi harufu iishe na kila kona ikauke. Sai napangusa ndani kila nikichoma kitu cha mafuta, ingali na joto kidogo, dakika mbili tu. Ile kazi kubwa ya usiku naifanya kila baada ya miezi mitatu hivi, na lazima kabla ya Idd na kabla ya Desemba maana ndio oda zinamiminika.

Kioo cha mlango ndio kimenishinda mpaka leo. Ndani kimetakata, nje kimetakata, lakini kumbe ni vioo viwili, na katikati yao kuna tone la mchuzi limeshuka likaganda, sijui liliingilia wapi. Fundi aliniambia kuna skrubu mbili juu ya mlango, ukizifungua kioo cha ndani kinatoka. Nimezifungua. Zimezunguka, zimezunguka, kioo hakijatoka, na sai skrubu moja siioni.