Barua niliyochelewa kuiandika

Nilipofanya mtihani wa kidato cha sita kule Arua, UNEB, baraza la mitihani la Uganda, waliniletea karatasi ya herufi kubwa na kuniongezea muda kwa sababu ya macho yangu. Sikuomba mwenyewe. Mwalimu mkuu ndiye aliyehangaika na makaratasi tangu mapema, na mimi nikaona ni jambo la kawaida tu. Nikapanda basi la Kampala nikiamini utaratibu ule ungenifuata hadi chuo kikuu, kama begi langu juu ya basi. Haukunifuata. Chuoni jalada lako linaanza tupu, na asiyekujua hana cha kukuandalia.

Macho yangu ni ya uoni hafifu tangu kuzaliwa. Natembea bila fimbo, boda boda naisimamisha mwenyewe, kwa hiyo mtu hanidhanii. Basi nikajificha humo humo. Nilijua kuna ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, lakini nikajiambia ile ni ya wasioona kabisa na wenye viti vya magurudumu. Mimi nitakaa mbele, nitajikaza. Muhula wa kwanza nilijikaza kweli. Kwenye mtihani mmoja nilisoma 3 mahali palipoandikwa 8, nikapiga hesabu safi kabisa ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Masomo mawili nikayarudia.

Ndugu yangu unayeanza mwaka huu, nenda ofisi hiyo wiki ya kwanza au ya pili, kabla hujafeli chochote. Ukienda baada ya matokeo, kila neno lako litasikika kama kisingizio.

Na usiende mikono mitupu. Barua yangu ya kwanza ya daktari ilitaja jina refu la ugonjwa na muhuri, basi. Mama aliyekuwa mezani pale ofisini akaisoma, akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, tukufanyie nini?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa daktari nikamwomba aandike ninachoshindwa kufanya: kusoma ubaoni, kusoma maandishi madogo kwa muda mrefu, kuandika kwa kasi ya wenzangu. Kisha nikaongeza maombi yangu mwenyewe: karatasi ya mtihani yenye herufi za ukubwa wa 18, muda wa ziada, kiti ambacho mwanga wa dirisha haunipigi usoni, na slaidi nizipate kabla ya kipindi. Mwenye usikivu hafifu ataandika mengine, anayetumia magongo ataandika kuhusu ghorofa na ngazi. Wewe ndiye unayejua.

Peleka nakala kwa mkuu wa idara na kwa msajili wa kitivo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mhadhiri akikuambia "hakuna shida" kwenye korido, mshukuru, halafu mwandikie. Siku ya mtihani huenda msimamizi akawa mtu mwingine kabisa.

Watu wengi wa kwetu wanachanganya mambo mawili. Serikali hutenga nafasi 64 za ufadhili kila mwaka kwa wanafunzi wenye ulemavu wanaoingia vyuo vikuu vya umma. Hiyo ni ya kuingia na kulipiwa. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006, inakataza ubaguzi katika elimu kwa kila mwenye ulemavu, hata wewe unayelipiwa karo na mjomba. Sijawahi kuingia ofisini nikiitikisa sheria hiyo. Naitaja mstari mmoja, mwishoni mwa barua, kwa heshima.

Kwa kusoma, NVDA ni programu ya bure ya kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti. Hata Kiswahili inasoma, ingawa kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Tatizo ni zile kurasa za vitabu zilizopigwa picha: kwa kawaida kwake ni picha tu, hakuna herufi. Ndiyo maana namwomba mhadhiri faili lenyewe alilochapa.

Nina rafiki wa Koboko anayenisomea zile zinazoshindikana. Tuna siku zetu mbili kwa wiki, chakula changu. Zamani nilikuwa nampigia usiku wowote ule, mpaka nikagundua alikuwa anaacha kazi zake ili amalize zangu, na kunikataza aliona haya.

Mtihani wa kwanza baada ya barua, wenzangu walipokusanya karatasi, msimamizi alinijia akanyoosha mkono. Nikampa nakala yenye muhuri. Aliisoma taratibu, akaangalia saa yake, akarudi kuketi.